Kisahani cha Tarehe Nane Julai

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya tarehe 17 Julai, Areti Kitsou alifungua kabati la joto akakuta minyoo wake wote wamekufa.

Hakupiga kelele. Alitoa kisahani kimoja, akakiweka chini ya hadubini, akatazama. Akatoa cha pili. Alipofika cha sita akaketi kwenye kiti na kuanza kukunja mkono wa koti lake jeupe, akaukunja na kuukunjua kama mtoto aliyepotezana na mamaye sokoni. Hivyo ndivyo Evdokia Tsami alivyomkuta alipoingia akisukuma kitoroli cha visahani vipya.

"Binti yangu, umekunywa maji leo?" Evdokia aliuliza, maana mji wa Ioannina, kaskazini mwa Ugiriki, ulikuwa katika siku ya saba ya joto lile ambalo hata ziwa lilionekana kuchoka.

"Wamekufa, Bi Evdokia. Mia wote."

Evdokia hakuwa mwanasayansi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa maabara ile: alichemsha agari, rojo itokanayo na mwani, akaimimina kwenye visahani vya plastiki, ikaganda, kisha akapaka bakteria ambao minyoo huwala. Lakini mtu hapiki miaka ishirini na sita bila kujua walaji wake. Alijua kwamba minyoo wale wadogo, wenye urefu wa milimita moja, ndio waliokuwa maisha yote ya Areti.

Kwa miaka minne Areti alikuwa akishikilia jambo moja. Katika kuta za seli za mnyoo kuna milango midogo mno ya kupitisha ayoni, yaani chembe za chumvi zenye umeme. Joto likipita kiasi, mlango mmoja wa kalisi, madini yale yale ya mifupa, hufunguka na kukataa kufungwa. Kalisi humiminika ndani, neva huharibika, mnyoo hufa. Areti alivunja jeni inayotoa maagizo ya kujenga mlango huo. Minyoo wake wasio na mlango wakawa wanatambaa na kula baada ya saa kumi kwenye nyuzi thelathini na tano, joto linaloua wenzao wote.

Tatizo ni kwamba hesabu zote alizifanya peke yake. Profesa Kalliroi Vamvaka alikuwa na sharti lake: kabla ya tasnifu yoyote kutetewa, jaribio kuu hurudiwa mbele ya mashahidi, kwa minyoo waliotolewa upya kwenye friza. Jaribio lilifanyika jana yake, saa nne asubuhi mpaka saa mbili jioni, kisha kabati likarudishwa kwenye ubaridi minyoo wapumzike. Utetezi ulikuwa Jumatatu.

Saa kumi alasiri Profesa alimwita Areti ofisini. Mlango haukufungwa vizuri, na Evdokia, tuseme ukweli, hakufanya haraka kupita.

"Nimepima jeni ya hao waliokufa," Profesa alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa anachokisema. "Ni nzima. Haikuvunjwa popote. Hawa ni minyoo wa kawaida, Areti."

"Basi si wangu."

"Wametoka kwenye kichupa cha friza chenye jina lako."

"Profesa, unafikiri nilitunga? Miaka minne?"

"Sijasema hivyo. Lakini Ijumaa mchana lazima niiandikie kamati. Nisipokuwa na mnyoo hata mmoja mwenye jeni iliyovunjika, nitaandika kwamba minyoo hao hawapo. Unajua kitakachofuata."

Evdokia alijua pia. Si shahada tu ingekwenda, jina lingekwenda. Na mtu aliyeitwa mwongo katika kazi ile haajiriwi popote, hata kuosha vyombo. Areti alipotoka alipita bila kumwona Evdokia. Hakuwa na mtoto. Huyu alikuja akiwa na miaka ishirini na mbili, hajui hata kuwasha jiko la gesi, na Evdokia ndiye aliyemfundisha.

Basi akaamua kutafuta mwenyewe.

Alianzia kwa shoga yake. Polyxeni Rizou ndiye mtunza friza. Waliajiriwa mwezi uleule, na kila siku ya kazi saa nne walikunywa kahawa pamoja kwenye ngazi za nyuma. Polyxeni alikuwa na mkono uliotulia kuliko wote jengoni. Hakuna aliyewahi kupata kosa kwenye daftari lake, na ndiye aliyetoa minyoo wa jaribio kwenye friza.

"Nilitoa kichupa Jumatatu ya tarehe nane," Polyxeni alisema, akipanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Nikawaweka kwenye kisahani, nikaandika tarehe kwa mkono wangu. Wakaamka, wakazaa. Areti akachukua watoto wao akafanya jaribio."

"Na sasa huwezi kutoa kichupa kingine?"

"Nimeshatoa leo, Profesa ameagiza. Lakini minyoo wa friza huchukua siku nne, tano kuamka. Ijumaa itapita."

"Basi mtu alibadilisha kisahani katikati."

"Labda," Polyxeni alisema. Hakumtazama. "Umemuuliza Stratos?"

Kila mtu alikuwa akimfikiria Stratos Melas. Mtafiti yule mrefu, mwenye maneno mengi, alikuwa akisomea jeni nyingine ya mlango mwingine, wa potasi, na tangu mwaka jana alisema hadharani kwamba ndiyo inayotawala uvumilivu wa joto. Kama Areti angekuwa sahihi, Stratos angebaki na mlango usiofungua chochote.

Evdokia alimngoja mpaka Alhamisi asubuhi. Kwanza alipita kwa mlinzi, akamletea andazi la bugatsa la moto lenye jibini, akaombwa aketi, akaonyeshwa orodha ya kadi za mlango. Jumamosi ya tarehe 13, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kadi ya Stratos ilifungua chumba cha makabati ya minyoo. Akatoka saa kumi na robo alasiri. Na kazi yake yote iko ghorofa ya pili.

"Jumamosi ulikuwa ukifanya nini chini, kijana wangu?" alimuuliza saa tatu, akiwa amesimama mlangoni ili asipate pa kupita.

"Nani amekuambia nilikuwa chini?"

"Kadi yako."

"Kumbe siku hizi umekuwa polisi, Bi Evdokia."

"Mimi ni mpishi. Polisi atakuja nikishindwa. Saa tano mpaka saa kumi, Stratos."

Alikuna shingo. Masikio yake yalikuwa yameiva. "Nilikuwa nimelala."

"Umelala."

"Nyumbani kwangu kiyoyozi kimekufa. Nakaa chini ya paa, ni tanuri. Kile chumba cha makabati ya baridi kina nyuzi kumi na tano. Nilileta godoro la kuogelea la mpwa wangu, lile lenye picha ya bata. Liko nyuma ya kabati la tatu, nenda ukaone. Na usimwambie Profesa."

Evdokia alikwenda, akaliona. Bata lilikuwa limepungua upepo na lilikuwa na alama ya shavu la mtu. Alirudi akijizuia kucheka.

"Na Areti? Humwonei wivu?"

"Namwonea sana," Stratos alisema. "Nilitaka ashindwe kwa hoja, nimbane kwenye utetezi mpaka atoke jasho. Sasa hata hilo sipati. Jana nimemkuta kwenye maegesho analia, nikasimama pale kama mlingoti, sikujua nimwambie nini."

Mwongo hujipamba, huyu alikuwa amejianika na bata lake. Evdokia alimwamini, ila kuamini si ushahidi. Akaenda kukitazama kisahani chenyewe.

Kilikuwa kwenye kabati la nyuzi ishirini, rafu ya juu. Ubavuni, kwa kalamu nyeusi, kwa ule mwandiko mdogo wa Polyxeni, palikuwa na jina la minyoo wa Areti na tarehe: 8/7. Evdokia alikiinua kwa ncha za vidole, na kabla hajasoma lolote, mkono wake ukajua.

Kilikuwa kizito.

Alikisogeza dirishani, akakitazama kwa ubavu. Agari ilijaa karibu nusu ya kimo. Akachukua kingine cha mwanzo wa mwezi, chenye minyoo wa mtu mwingine. Agari yake ilikuwa nyembamba, imepasuka pembeni kwa ukavu.

Kwa miaka ishirini na sita Evdokia alimimina mililita kumi kila kisahani, si zaidi. Lakini joto lilipoanza, visahani vikawa vinakauka kabla minyoo hawajazaa, watu wakalalamika. Basi Alhamisi ya tarehe 11 Julai, bila kumwambia mtu, maana nani humuuliza mpishi, akaanza kumimina kumi na nne. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na kisahani kinene hata kimoja katika jengo lile.

Minyoo waliotolewa tarehe nane hawangeweza kuwekwa kwenye kisahani kilichopikwa tarehe kumi na moja.

Alikaa kwenye kigoda chake cha jikoni akahesabu kwa utulivu. Aliyebadilisha alichukua kisahani chake kinene, akaweka minyoo wa kawaida, akaandika tarehe ya uongo. Visahani vipya hukaa kwenye stoo ya baridi, na stoo hufungwa, kwa sababu watafiti ni wezi wa visahani kuliko paka wa samaki. Akavihesabu. Alipika mia nne Alhamisi ile. Alivyogawa Jumatatu kwa orodha, pamoja na vilivyobaki rafuni, vilikuwa mia tatu sabini na sita. Ishirini na vinne viliondoka kati ya Alhamisi na Jumatatu. Stratos hana ufunguo wa stoo. Areti hana. Hata Profesa hana.

Funguo ni mbili. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa aproni ya Evdokia. Wa pili hukaa kwa mtunza friza.

Akakumbuka jambo ambalo alikuwa ameificha hata nafsi yake mwenyewe: kwa wiki nzima Polyxeni hakuja kwenye ngazi kunywa kahawa. Kazi nyingi, alisema. Na kila Evdokia alipopita, alimwona kwenye chumba cha mwisho wa ukumbi, ameinamia hadubini. Mtunza friza ana kazi gani na hadubini siku nzima?

Jioni ile alikula nyanya moja na kipande cha mkate, akashindwa kumaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini nguo hii alikuwa ameivaa miaka ishirini na sita, na ilimpasha joto alipofiwa na mume.

Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, alichukua vikombe viwili vya kahawa akaenda chumba cha mwisho. Akaingia, akafunga mlango, akaweka kikombe kimoja karibu na mkono wa Polyxeni. Kisha akaweka mezani kisahani kinene cha tarehe nane, na pembeni yake kile chembamba.

"Vitazame kwa ubavu," alisema.

Polyxeni alivitazama. Alikuwa mwerevu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ulibadilisha kipimo."

"Tarehe kumi na moja. Kwa ajili ya joto."

"Hukuniambia."

"Ungekuja kunywa kahawa ningekuambia." Evdokia aliketi mbele yake. "Nimewaambia Profesa na Areti waje saa nne na nusu. Una nusu saa. Ama useme wewe, ama niseme mimi. Lakini anza na mimi, Polyxeni, maana mimi ndiye uliyenidanganya machoni."

Polyxeni alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee.

"Unakumbuka ile wikendi ndefu ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, mwezi uliopita? Ijumaa ile jioni nilikuwa napanga vichupa rafu ya juu. Jirani akanipigia simu: mumeo Kosmas ametoka nyumbani na kandambili, yuko kando ya ziwa anamtafuta mama yake. Mama yake alikufa miaka thelathini iliyopita, Evdokia. Nikakimbia. Nilifunga friza kwa kiwiko."

"Haikufunga."

"Haikufunga. Kengele ya mlango wa friza nilikuwa nimeizima ili nifanye kazi. Jumanne nimerudi, rafu ya juu yote ni maji. Zile za chini zilisalimika. Rafu ya juu ilikuwa ya Areti peke yake, vichupa vyake vyote, hata vile vya akiba ambavyo nilikuwa bado sijavipeleka ghala la pili. Nikafunga mlango, vikaganda tena. Ukivitazama kwa nje huwezi kujua."

Sasa Evdokia alielewa kosa zima, na lilikuwa la jengo zima. Areti alipoanza kuandika tasnifu mwezi wa tano, minyoo wake wote walio hai walitupwa, kama ilivyo desturi. Kwa nini ulishe minyoo usiowahitaji? Kilicholala kwenye friza hakifi, ndivyo walivyofundishana wote.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimebakiza miezi minane nistaafu. Sijawahi kukosea, kila mtu anajua hivyo. Nyumbani mume wangu hanijui tena hata kwa jina. Hapa ndipo mahali pekee ninapojulikana." Alifuta macho kwa kiganja. "Nilidhani kichupa kimoja kitafufuka. Tarehe nane nilikitoa cha kwanza kwa ajili ya jaribio. Hakuna kitu. Nikatoa cha pili, cha tatu. Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Areti akaniambia kwa furaha, kesho nakuja kuchukua minyoo wangu. Nikaogopa. Nikampa wa kawaida. Nilijiambia, nikipata mmoja tu aliye hai, nitambadilishia kabla ya jaribio."

"Na hukupata."

"Nimetoa vichupa ishirini na vitatu."

Alivuta droo kubwa ya chini. Ndani mlikuwa na visahani vya Evdokia, vyembamba vichache mbele na vinene nyuma, vimepangwa kwa tarehe, kila kimoja kikiwa na mkato mdogo wa kalamu, alama ya kwamba hakuna aliyefufuka. Evdokia alitazama ile mikato na hasira yake ikamponyoka, ikabaki huzuni.

"Mficha uchi hazai," alisema taratibu. "Ungeniambia siku ile ya kwanza, tungelia pamoja, tukamwendea Profesa pamoja. Sasa binti wa watu anaitwa mwongo."

Mlango ulifunguliwa. Profesa aliingia, nyuma yake Areti, macho yamevimba. Polyxeni alisimama. Alisema yote tena, kuanzia kiwiko mpaka tarehe ya uongo, na hakujipunguzia hata neno. Kosmas hakumtaja, Evdokia ndiye aliyemtaja.

Areti alikuwa mweupe kama agari.

"Umeniona nikilia," alisema. "Jumatano. Ulinipa leso, Bi Polyxeni. Ulinipa leso yako."

"Nilikupa."

"Ulijua, na ukanipa leso."

Profesa alisema kwa ukavu kwamba atahitaji barua iliyotiwa saini kabla ya saa sita, ili kamati ijue nani amekosa na nani hakukosa. Jina la Areti lingesafishwa. Lakini minyoo, alisema akiutazama ukuta, ni jambo jingine. Ushahidi wa miaka minne haukuwepo tena. Kuivunja jeni upya na kurudia kila kitu kungechukua mwaka mzima, na udhamini wa Areti ulikuwa unaisha Septemba.

"Kile kichupa cha Jumatano," Evdokia alimuuliza Polyxeni. "Alichoagiza Profesa. Umekitazama?"

"Jana asubuhi. Hakuna kitu."

"Na leo?"

Polyxeni alitikisa kichwa; leo alikuwa hajakitazama. Areti alikwenda mwenyewe kwenye droo, akachukua kisahani cha ishirini na tatu, akakiweka chini ya hadubini. Alikizungusha polepole, robo kwa robo.

"Kuna mmoja," Areti alisema. "Anasogea."

Profesa alitazama. Stratos, ambaye alitokea mlangoni bila mtu kumwita, akatazama pia. Katikati ya mamia ya minyoo waliokufa mmoja mdogo, mwembamba, alikuwa akijikunja na kujikunjua. Na nusu kidole kutoka alipo, ukungu wa kijivu ulikuwa umeota na kutambaa kuelekea kwake.

Mmoja anatosha. Minyoo hawa hawahitaji mume. Kila mmoja hubeba mayai na mbegu zake. Lakini lazima ahamishwe sasa hivi kwenye kisahani safi, kwa ncha ya waya mwembamba wa platini, bila kumtoboa. Areti alipitisha waya wake kwenye moto, akausubiri upoe, akausogeza. Ncha ilikuwa ikicheza. Akaitoa. Akajaribu tena, ikacheza zaidi.

"Acha nijaribu," Stratos alinong'ona.

"Wewe ulimtoboa wa kwako juzi," Areti alisema. Aliinuka kwenye kiti. Alibaki amesimama muda mrefu, waya mkononi, na kila mtu aliyekuwa mle chumbani alijua anachokitafakari. Kisha akamgeukia Polyxeni na kumnyooshea waya.

"Wewe ndiye mwenye mkono."

"Siwezi, mwanangu. Mimi?"

"Wewe ndiye uliyewaua wenzake, wewe ndiye utakayemwokoa huyu. Kaa."

Polyxeni aliketi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, akayafuta kwenye bega ili mikono isitikisike, na mikono haikutikisika. Aligusa bakteria kwa ncha ya waya, akawashusha karibu na mnyoo kama gundi, akamnyanyua. Evdokia alikuwa tayari amefungua kisahani kipya. Mnyoo alishuka, akalala bila kusogea. Halafu akaanza kula.

Barua ilitiwa saini saa tano na nusu. Polyxeni alipelekwa likizo mpaka bodi ikae, na aliondoka na mkoba wake kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Evdokia hakumsindikiza. Alirudi jikoni akaosha vile vikombe viwili vya kahawa.

Utetezi ulisogezwa hadi Septemba. Mnyoo yule alizaa watoto mia mbili na zaidi. Jeni zao zilipimwa, zikakutwa zimevunjika pale pale Areti alipozivunja. Wajukuu walipokomaa, Jumanne ya tarehe 30 Julai, mia moja wao waliingizwa kwenye nyuzi thelathini na tano kwa saa kumi. Asubuhi ya pili Stratos alihesabu, kwa sababu Areti alisema hatahesabu peke yake tena maishani. Profesa alihesabu baada yake. Tisini na mmoja walikuwa hai, wanatambaa huku na huku wakitafuta chakula. Wale wa kawaida, kisahani cha jirani, hakupona hata mmoja.

"Mlango wa kalisi," Stratos alisema kwa uchungu wa kweli. "Haya. Septemba nitakubana kwenye mengine."

Evdokia alitoka chumbani akaenda ukumbini, akatoa simu. Siku kumi na mbili hakumpigia rafiki yake, na kila siku ilimuuma upya. Iliita mara moja tu.

"Tisini na mmoja," alisema. "Kati ya mia."

Alisikia pumzi ikivutwa, kisha kilio cha chinichini, na kwa mbali sauti ya mzee Kosmas ikiuliza ni nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, Kosmas," Polyxeni alimjibu. "Hakuna aliyekufa."

Areti alikuwa amesimama nyuma ya Evdokia. Alinyoosha mkono, akapewa simu, akaiweka sikioni.

"Bi Polyxeni, ni mimi. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine bado, usinikimbize."



"Nusu inanitosha, mwanangu."